Mlinzi Haruhusiwi Kuvuka

Ulikuwepo, usikatae. Machi ya mwaka sabini na nne, ukumbi mkubwa wa Des Moines, jimboni Iowa, Marekani, watu elfu kumi na tano, theluji nje imefika kwenye taa za magari, na wewe umekaa safu ya kumi na mbili na mfuko wa bisi mapajani. Mpira ulipokwenda upande wa wafungaji ulisimama, ukapiga kelele mpaka koo likakauka. Mpira uliporudi upande wa walinzi, ulitazama bisi zako. Ulipangusa chumvi vidoleni. Ulimuuliza jirani bei ya nguruwe imefika wapi. Na hata kama hukuwa Iowa siku ile, ulikuwa mahali pengine ukifanya hivyohivyo mbele ya mtu mwingine.

Basi jibu. Katika fainali ile ya mpira wa kikapu wa wasichana wa sekondari, Connie Brandsgard wa mji wa Harkum alifunga pointi ngapi? Sitini na moja. Hilo unalijua, watu wa Harkum wanaitaja sitini na moja kama wanavyotaja siku za kuzaliwa watoto wao. Haya, yule mfungaji wa upande wa pili, aliyeingia fainali na wastani wa pointi arobaini na nane, alitoka na ngapi? Tisa. Nani alimkaba?

Hulijui jina lake.

Aliitwa Arlys Tjaden, wa Harkum pia. Kesho yake gazeti lilimwandika "Arlene Jaden", mstari mmoja, chini ya tangazo la mbegu za mahindi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, walisema wa kale. Huyu walimnyonga, na gazeti lenye haki yake wakafungia mkate wa nyama.

Mchezo wa wasichana wa Iowa wakati ule ulikuwa na sheria zake, na sheria zile zilitungwa na wanaume walioamini kwamba msichana akikimbia uwanja mzima moyo wake utapasuka. Wasichana haohao walikuwa wakibeba ndoo mbilimbili za chakula cha nguruwe tangu wana miaka saba, kwenye barafu, lakini hilo halikuwanyima usingizi watunga sheria. Kila timu ilikuwa na wachezaji sita: wafungaji watatu nusu ya huku, walinzi watatu nusu ya kule. Katikati mstari. Asiyeruhusiwa kuvuka asivuke, na hakuna aliyeruhusiwa. Unadunda mpira mara mbili, mara ya tatu ni kosa. Mlinzi akinyang'anya mpira, anaufikisha mstarini, anaukabidhi kwa mfungaji, kisha anasimama pale na mikono kiunoni kuwatazama wenzake wakimalizia. Hata akiumizwa yeye, mitupo ya adhabu wanapiga wafungaji kule ng'ambo. Kwa hiyo mlinzi angeweza kucheza miaka minne, akatoka jasho ndoo kwa ndoo, bila kutupa mpira kapuni hata mara moja. Angeweza? Ndivyo ilivyokuwa.

Na nani aliamua huyu awe mlinzi na yule mfungaji? Huko Harkum aliamua Kocha Verlyn Oltmann, aliyefundisha pia udereva. Kila Novemba aliwapanga wasichana wa darasa la saba mbele ya kikapu, kila mmoja mitupo kumi. Ukifunga mitano, mfungaji. Ukifunga pungufu, mlinzi, mpaka umalize shule. Arlys alifunga minne.

"Mlinzi," alisema Oltmann bila kuinua penseli.

"Kocha, naomba nirudie mmoja tu."

"Tjaden, mnadani ndama hapimwi mara mbili. Nani anafuata?"

Alikuwa na miaka kumi na miwili. Dakika nne, penseli moja, na maisha yamekatwa nusu kama mkate.

Lakini Arlys hakuwa mtu wa kulilia nusu aliyonyimwa wakati nusu aliyopewa ilikuwa na kazi. Alijifunza ulinzi kama wengine wanavyojifunza kinanda. Aligundua mapema kwamba macho ya mfungaji hudanganya, mabega hudanganya, mpira wenyewe hudanganya; kiuno hakidanganyi. Kiuno kikienda kushoto, mwili wote utakwenda kushoto, mwenyewe atake asitake. Basi akawa anatazama kiuno tu, na mkono wake ukawa unafika kabla mwenye mpira hajajua anataka kwenda wapi. Alisoma pia mipira iliyokosa, maana mlinzi anaishi kwa makosa ya wengine. Mpira uliotupwa kwa woga hurudi mfupi. Uliotupwa kwa hasira hurukia mbali. Uliotupwa kutoka pembeni huangukia pembeni ya pili. Arlys alikuwa pale kabla haujaanguka.

Baada ya fainali, bwana mmoja wa chuo kikuu alifika Harkum na mkoba wa karatasi. Alikaa na Connie saa nzima. Kisha, kwa adabu, akamgeukia Arlys.

"Na wewe, binti, wastani wako wa pointi?"

"Sifuri."

"Msimu huu?"

"Tangu nizaliwe."

Bwana akacheka, akidhani ni mzaha. Arlys hakucheka. Mkoba ukafungwa. Connie akaenda chuoni kwa ufadhili, na Arlys akaenda kwenye kiwanda cha vifaranga, kuchambua majike na madume, mia nane kwa saa, kwa sababu mikono yake ilikuwa myepesi. Kanisani wakamwambia mvumilivu hula mbivu. Mbivu wenyewe walikuwa wamekwisha kula.

Miaka minne ikapita hivyo.

Septemba ya mwaka sabini na nane, Connie aliingia kiwandani akikimbia, gazeti mkononi, manyoya ya vifaranga yakiruka miguuni pake. Alikuwa amekwisha kumaliza chuo, ameolewa na muuza matrekta, na mdomo wake haukuwa umepungua hata kidogo.

"Arlys! Acha hao, watajijua wenyewe ni akina nani! Soma hapa."

"Mikono yangu michafu. Soma wewe."

"Wanawake. Wanalipwa. Kwa kucheza."

"Kucheza nini?"

"Kikapu, mwanamke! Ligi ya kulipwa. Timu moja iko Des Moines. Nafasi kumi na mbili, majaribio siku tatu, Oktoba. Watano kwa watano, uwanja mzima."

"Uwanja mzima," Arlys alirudia, kama mtu anayetaja nchi aliyoisikia redioni.

"Mimi nitafunga, wewe utanyang'anya. Kama zamani!"

"Zamani ipi, Connie? Tumecheza timu moja miaka minne na hatujawahi kukanyaga upande mmoja. Hujawahi hata kunikumba ndani ya mechi."

Connie akahesabu mechi kwa vidole.

"Kumbe kweli," alisema.

Sasa elewa jambo moja. Oktoba huko kwetu ni mavuno. Mahindi yamekauka shambani, mashine zinanguruma kuanzia umande ukikauka hadi giza, na mtu anayeomba ruhusa siku tatu ni kama anayeomba kuchoma ghala. Arlys alimwambia baba yake mezani, mbele ya nyama ya nguruwe na pai ya tufaha. Merle Tjaden alitafuna mpaka akamaliza.

"Wanalipa kweli?"

"Wanasema hivyo, Baba."

"Kwa kucheza?"

"Kwa kucheza."

Mzee akatazama dirishani, mahali ilipokuwa mashine yake ya kuvuna. Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na mitano bila kuambiwa kitu kama hicho.

"Basi nenda upesi," alisema, "kabla hawajazindukana."

Wanawake themanini na sita walijitokeza. Themanini na sita, kwa nafasi kumi na mbili! Walikuja walimu, wauguzi, askari mmoja wa jeshi, mama wa watoto watatu aliyewaacha na mkwewe. Walitoka Iowa, walitoka Texas, walitoka pwani ya mashariki kwa basi la siku mbili wakiwa na raba zilizotoboka. Ukumbi ulinuka jasho na varnishi, na mipira ikidundwa yote kwa pamoja ilikuwa kama mvua ya mawe juu ya bati. Arlys alisimama mlangoni. Alitaka nafasi moja kati ya zile kumi na mbili kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na aliogopa, maana mtu akitaka kitu namna hiyo huwa hana pa kujificha.

Kocha alikuwa Bev Ruggiero kutoka Philadelphia, mwanamke mfupi, mtafunaji wa ubani, sauti kama msumeno. Alimbandika Arlys namba sabini na tatu kifuani.

"Mfupi wewe. Utaleta mpira mbele. Unajua kuleta mpira?"

"Najua kuuchukua, Kocha."

"Ukishauchukua huwa unaufanyia nini?"

Arlys akainama kufunga kamba za raba. Wakaanza.

Mbele yake alisimama Yvette Gaddis wa Newark, mrefu kidogo kuliko yeye, mwepesi kama umeme, na maneno yakimtoka bila kikomo.

"Mtoto wa mahindi! Umekuja kwa gari au kwa trekta? Angalia vizuri, hapa mjini mpira unakwenda hivi, halafu unakwenda hivi..."

Arlys hakusikia. Alitazama kiuno. Kiuno kikaenda kushoto. Mkono ukaruka, ukagusa mpira kidogo tu, kama unavyomdonoa nzi, na mpira ukawa wake.

Mbele uwanja mtupu! Hakuna mtu! Wenzake wanapiga kelele, "Kimbia! Kimbia!" Akakimbia. Mdundo wa kwanza. Mdundo wa pili. Na hapo, vidole vya miguu inchi moja nyuma ya mstari wa katikati, akasimama wima. Visigino juu, mpira umeshikwa kwa mikono miwili mbele ya kifua, akageuza kichwa kulia na kushoto kumtafuta mfungaji wa kumkabidhi.

Hakukuwa na mfungaji. Hakukuwa na filimbi. Palikuwa na Yvette tu, aliyekuja akitembea, akauchukua mpira mikononi mwake kama unavyompokea mgonjwa kikombe.

"Ahsante, mpenzi. Kuna ukuta hapo? Mbona mimi siuoni?"

Wa mashariki wakaangua kicheko. Wa Iowa walicheka pia, lakini kwa kufunika mdomo, maana wengi wao walikuwa wamekwama palepale asubuhi hiyohiyo. Wenyewe walijua ni kosa gani lile, na nani aliwafundisha.

Siku ile Arlys alinyang'anya mpira mara kumi na moja. Mara kumi na moja alisimama mstarini. Mwishowe Ruggiero alipuliza filimbi na kumwendea.

"Sabini na tatu! Una mikono ya mwizi na miguu ya mfungwa. Nani alikufunga?"

"Ni mstari, Kocha."

"Mstari ni rangi! Mtu amechovya brashi akapaka. Rangi!" Akainama, akausugua mstari kwa kiganja, akamwonyesha kiganja kitupu. "Unaona chochote? Kesho ukisimama hapa tena, keshokutwa usije."

Jioni, jua bado lipo, Connie alichora mstari wa chaki kwenye maegesho ya magari. Arlys akauvuka mikono mitupu, hakuna shida. Akauvuka kwa kurudi nyuma; hakuna shida. Akashika mpira: mdundo, mdundo, miguu ikagoma. Wakajaribu mara ishirini. Mara ya ishirini na moja Connie alimsukuma mgongoni kwa mikono miwili, Arlys akavuka akipepesuka mpaka akaliangukia gari la watu.

"Basi dawa imepatikana," Connie alisema akicheka hadi machozi. "Kwenye mechi nitakuwa nyuma yako, nakusukuma."

"Refa atasema nini?"

"Atasema hajawahi kuona."

Siku ya pili Arlys alibuni ujanja wake. Alinyang'anya, akakimbia, na kabla ya kufika mstarini alimtupia mwenzake, kisha akavuka mikono mitupu kama anayekwenda kutembea. Hakuna aliyecheka. Akajiona amepona.

Balaa lilikuwa uwanja wa pili. Huko Connie alifunga na kufunga, kushoto, kulia, mpaka watu wa mashariki wakawa wanauliza huyu ni nani. Lakini kila mpira ulipogeuka, Connie alitembea hadi katikati, akaweka mikono kiunoni, akawangoja walinzi wake. Walinzi wake hawakuwepo. Walikuwa Harkum, mwaka sabini na nne. Mchezaji ambaye Connie alitakiwa kumkaba alifunga pointi thelathini bila kuguswa.

Saa kumi alasiri orodha ya waliobaki ilibandikwa ukutani, jumla ya namba ishirini na nne. Sabini na tatu ilikuwepo. Ya Connie haikuwepo. Aliisoma orodha mara tatu kwa kidole.

"Mimi, Arlys. Sitini na moja!"

"Najua."

"Nilikuwa nasimama tu. Nasikia kichwani naambiwa kimbia, na miguu inasema kule si kwetu." Alijipangusa pua kwa pindo la jezi. "Hivi wewe ungenikaba, ningekufunga ngapi?"

"Sifuri."

"Mwongo! Ishirini."

"Sifuri, Connie. Kiuno chako kinapayuka kuliko mdomo wako."

Connie akacheka na kulia kwa pamoja, halafu akamshika Arlys mabega, na mzaha ukamtoka usoni.

"Walitukata nusu, mimi na wewe. Kila mmoja wakamnyima nusu ya mwenzake. Mimi yangu imeniua leo. Wewe kesho uvuke. Sisemi tafadhali."

Siku ya tatu waliruhusu watazamaji. Watu kama mia sita waliacha mavuno, wakajaa majukwaani na kofia zao za kampuni za mbegu, matope kwenye viatu. Kabla ya mechi ya mwisho Ruggiero alimwita Arlys pembeni.

"Jana ulitoa pasi kabla ya mstari, kila mara. Ulidhani sikuona?"

"Nilidhani hukuona, Kocha."

"Nina walinzi wanne wazuri na nafasi tatu. Leo uvuke na mpira mkononi mwako, au urudi ukavune. Huhitaji kufunga. Vuka tu."

Robo ya kwanza, pasi. Robo ya pili, pasi. Ya tatu, alijaribu. Mguu mmoja ukafika kwenye rangi, ukarudi wenyewe kama uliokanyaga jiko. Pasi. Yvette Gaddis, ambaye alicheza timu pinzani, alikuwa amekwisha kuielewa hadithi yote, na alikuwa anaisimulia kwa sauti uwanja mzima. Robo ya nne, dakika tano zimebaki, hamsini na moja kwa hamsini na moja. Mwenzake Arlys akatupa, akakosa, Yvette akaudaka mpira chini ya kikapu alichokilinda. Wote wakakimbilia upande wa pili. Arlys, kama kawaida, alikuwa amesimama katikati, nyuma ya mstari.

Yvette hakukimbia. Alibaki kule peke yake, akadunda mpira mbele ya uso wa dunia nzima, akatabasamu.

"Njoo uuchukue, mtoto wa mahindi! Njoo! Ah, samahani. Huruhusiwi."

Arlys alitazama kiuno.

Kiuno kikaenda kushoto. Nusu ya unyayo, si zaidi. Mtu mwingine asingeona. Arlys aliona, na alikwenda. Hakuamua. Ukimwona ndama anaelekea barabarani huulizi ua umeishia wapi. Alikwenda akiwa ameinama, macho kwenye kiuno kile, hatua sita, saba, na mzee mmoja wa kofia ya mbegu akaruka kwenye kiti chake akapaza sauti, kwa mazoea ya miaka arobaini:

"Mstari, binti! Mstari!"

"Funga mdomo, mzee!" Connie alinguruma kutoka safu ya nyuma.

Mkono ukaruka. Mpira ukawa wake. Akageuka, na juu ya kichwa chake palikuwa na kikapu.

Kikapu! Wavu mweupe, ringi nyekundu, karibu hivi mpaka aliona msumari uliolegea. Ndipo alipojua yuko wapi. Watu mia sita walivuta pumzi. Arlys Tjaden alikuwa na miaka ishirini na miwili, na tangu darasa la saba hajatupa mpira kapuni mbele ya macho ya mtu.

Akatupa. Ukagonga ubao kwa kishindo, ukakosa ringi kabisa. Vibaya mno! Lakini kukosa ndiko alikokujua. Aliujua mpira huo kama mwanawe: umetupwa kwa woga, utarudi mfupi, kushoto. Alikuwa pale. Yvette akimdandia mgongoni, Arlys akaudaka. Akatupa tena. Ukagonga mbele ya ringi, ukaruka, alikuwa pale. Jukwaa zima limesimama, kofia zinaruka, mtu anagonga mbao kwa buti, hakuna hata mmoja anayetazama mahali pengine. Akatupa mara ya tatu, taratibu, akiegemeza kwenye ubao.

Ukaingia.

Ukumbi ulipasuka. Waliosikia nje walidhani paa limeporomoka. Wanawake wa Iowa waliochujwa jana walikuwa wanakumbatiana na watu wasiowafahamu. Yvette alisimama, mikono kichwani.

"Haya, nani kamfungulia huyu?"

Baada ya hapo hakukamatika. Alinyang'anya, mdundo wa kwanza, wa pili, wa tatu, akapita kwenye rangi kama hajawahi kuiona. Akapita tena. Mara ya tano alikuwa anacheka kwa sauti huku anakimbia, mdomo wazi, kama mtoto aliyeachiwa baiskeli. Timu yake ilifungwa kwa pointi moja, na hakuna aliyekumbuka.

Ruggiero aliwasomea palepale, jasho halijakauka. "Gaddis." Yvette akainua ngumi. Majina mengine matano. "Tjaden." Kocha akainua macho kwenye karatasi. "Nimetamka sawasawa?"

"Sawasawa kabisa, Kocha," alisema Arlys, akakaa chini. Yvette akamnyoshea mkono kumwinua.

"Simama, mtoto wa mahindi. Kuanzia leo unaninyang'anyia, huninyang'anyi. Sawa?"

Desemba ile Arlys alivaa jezi yenye jina lake mgongoni, herufi zote zikiwa mahali pake, akaingia uwanjani kwa mshahara. Merle alikaa safu ya mbele na suti ya mazishi, na kila binti yake alipovuka katikati alimpiga kiwiko aliyekaa naye. Arlys alifunga pointi sita. Yule ambaye Arlys alimkaba alifunga mbili. Usiku huo waandishi walimuuliza mambo mengi, na yeye aliwajibu kwa ukarimu, ila aliyemuuliza kama wasichana wanaweza kukimbia uwanja mzima alimwacha amesimama na kalamu yake.

Ligi ile iliishi misimu mitatu. Wachezaji hawakuishiwa pumzi. Mioyo haikupasuka. Walivuka, wakarudi, wakavuka, kila jioni, huko Iowa na kwingineko, wakingoja wewe uje. Viti vilibaki vitupu, wenye timu wakahesabu vichwa, wakafunga milango, na nafasi ya Arlys, aliyoipata kwa mitupo mitatu, ikafungwa pamoja nayo. Usiseme walikosa vipaji. Walikosa wewe.

Na sasa usikae hapo unamhurumia, hajakuomba. Mahali ulipo, wiki hii, kuna wasichana wanacheza, kwenye uwanja wa shule au wa lami nyuma ya soko, na hakuna mtu kwenye mabenchi isipokuwa mama mmoja na mbwa. Unajua ni wapi. Unapita hapo. Nenda leo, na uende na wenzako watano. Kama kuna kiingilio, lipa. Kama uwanja wamenyang'anywa, simama mbele ya aliyeunyang'anya mpaka aurudishe. Jifunze majina yao yote, uyapaze kwa sauti.

Weka karatasi hii chini. Vaa viatu. Nenda.